Kuondoa chunjua nyumbani bila kuichoma ngozi

"Nina kinyama kigumu kidoleni, nikikate?" "Mtoto ameota chunjua mkononi, kuna dawa ya kupaka?" "Nimeambiwa maji ya betri yanamaliza kabisa, ni kweli?" Nauza dawa Temeke, Dar es Salaam, na maswali haya hayakauki. Foleni ikiwa ndefu mtu huondoka na chupa bila maelezo, akifika nyumbani anapaka anavyojua mwenyewe, kisha anarudi na kidonda. Ndiyo maana nimeyaweka yote hapa kwa mpangilio wa kufuata.

Mwongozo huu ni wa chunjua za mikononi, vidoleni, viwikoni, magotini na nyayoni tu. Kama zimeota sehemu za siri, kwenye njia ya haja kubwa, mdomoni au usoni, usipake chochote kati ya nitakavyovitaja. Nenda kituo cha afya.

Chunjua huletwa na kirusi kinachoitwa HPV, ambacho huingia kwenye ngozi ya juu kupitia mchubuko mdogo. Si uchafu, na hujarogwa. Kirusi hiki kina aina zaidi ya 100, na zile za mikononi si zile zinazoleta saratani ya mlango wa kizazi. Kwa hiyo mama, usishtuke ukisikia jina lilelile linatajwa kwenye chanjo ambayo wasichana wanachanjwa nchini tangu 2018. Hakuna kidonge cha kukiua. Tunachofanya ni kuimenya ngozi iliyoambukizwa tabaka kwa tabaka, mpaka kinga ya mwili ikitambue kirusi na kumaliza kazi yenyewe.

Jua pia kwamba una ruhusa ya kutofanya lolote. Kwa watoto, karibu nusu ya chunjua hupotea zenyewe ndani ya mwaka 1, na takriban theluthi mbili ndani ya miaka 2. Kwa watu wazima huchelewa zaidi. Kama haiumi, haiongezeki na haikukeri, kuiacha ni uamuzi mzuri kabisa.

Kwanza hakikisha ni chunjua

Usiruke sehemu hii. Wengi wanaokuja kuniambia "dawa haifanyi kazi" hawana chunjua.

Chunjua ni ngumu, uso wake unakwaruza na una vijimlima kama ua la koliflawa. Ukiitazama vizuri mchana utaona mistari ya ngozi inafika ukingoni mwake na kukatika, haipiti juu yake. Mara nyingi ina vidoti vyeusi. Watu huviita mizizi na kutaka kuving'oa, lakini ni vimishipa vidogo vya damu ambavyo damu imegandia ndani. Chunjua haina mizizi.

Sasa zitofautishe na hizi:

Sugu. Hii hutokana na kiatu au kazi ya mikono. Mistari ya ngozi inapita juu yake bila kukatika na haina vidoti. Sugu ya unyayo huuma ukiikandamiza moja kwa moja, wakati chunjua ya unyayo huuma zaidi ukiibana kwa pembeni, kati ya vidole viwili.

Funza. Kivimbe cheupe chenye doti moja jeusi katikati, kando ya kucha za miguu au kisiginoni, kinawasha, na kimetokea ndani ya siku chache tu. Ukikipaka asidi utaongeza kidonda juu ya mdudu. Funza anatolewa kwa usafi na mtu anayejua.

Vipele vya watoto vyenye kishimo katikati. Ni laini, vinang'aa, na hutokea vingi kwa pamoja kwapani, tumboni au mapajani. Navyo huletwa na kirusi, lakini kingine, na huisha vyenyewe. Asidi ya chunjua ni kali mno kwa ngozi hiyo.

Vidoti vyeusi vya usoni na vinyama laini vya shingoni. Watu wazima wenye ngozi nyeusi huota vidoti vidogo mashavuni vinavyoongezeka na umri, mara nyingi kurithi kwa mama au baba. Havina madhara na si chunjua. Nimeona shavu zuri likibaki na mabaka kwa sababu ya kuvichoma, na mabaka hayo hayatoki kirahisi.

Na hili nalisema kwa uzito wote: doa jeusi au la kahawia nyayoni, kiganjani au chini ya ukucha, linalopanuka, lenye kingo zisizolingana, linalotoka damu au lisilopona, lionwe na daktari wiki hiyohiyo. Sisi wenye ngozi nyeusi saratani ya rangi ya ngozi hupenda kutuanzia huko. Bob Marley alifariki 1981 kwa saratani ya namna hiyo iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu.

Nani asijitibu nyumbani

Mwenye kisukari au anayepata ganzi miguuni asiweke asidi kwenye mguu hata mara moja, kwa kuwa hatasikia ikila nyama na kidonda chake hakifungi upesi. Mwenye mzio wa aspirini aache, maana dawa hizi ni ndugu. Mtoto wa chini ya miaka 2 usimpake. Mjamzito na anayenyonyesha aulize kwanza. Kama chunjua zimetapakaa ghafla na ni nyingi, au unatumia dawa zinazoshusha kinga, nenda hospitali. Na kama hujapima VVU siku nyingi, pima, kwa sababu kinga ikishuka chunjua huzidi na huwa sugu. Walio kwenye dawa za kufubaza wamwonyeshe mhudumu wao siku ya kliniki.

Vitu vya kuandaa

- Dawa yenye asidi ya salisiliki ya chunjua. Kwenye chupa tafuta neno linaloanza na "salicyl" na asilimia yake. Kwa mikono na vidole chukua karibu asilimia 17, dawa ya maji inayokauka na kuacha utando. Kwa unyayo mnene zipo plasta za asilimia 40.
- Beseni dogo na maji ya vuguvugu.
- Msasa laini. Nunua karatasi moja kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ikate vipande vidogo, kila kipande tumia mara moja na utupe. Ni rahisi kuliko tupa ya kucha, na haumwambukizi mtu.
- Mafuta ya mgando.
- Plasta na taulo lako peke yako.
- Simu yenye kamera na sarafu ya shilingi 200.

Nunua famasi au duka la dawa lenye kibali ukutani, siyo kwa mtu mwenye meza stendi ya Mbagala anayekwambia chupa yake inatibu chunjua, fangasi na bawasiri. Kagua tarehe ya kuisha muda. Na usikubali kupewa mafuta ya Whitfield badala yake. Yale ni ya fangasi. Asidi ya salisiliki imo humo, ila asilimia 3 tu, na unaweza kuyapaka mwaka mzima chunjua ikakutazama tu.

Hatua

1. Piga picha. Weka ile sarafu kando ya chunjua, piga picha mahali penye mwanga. Rudia kila wiki, siku ileile. Chunjua hupungua polepole mno kiasi kwamba bila picha utakata tamaa wiki ya tatu ukidhani umepoteza hela.

2. Chagua saa yako. Usiku ndio bora. Wanaoswali huniuliza sana kuhusu udhu, kwa kuwa utando wa dawa unazuia maji: paka baada ya Isha, ubandue utando kabla ya kutawadha Alfajiri. Muda huo unatosha dawa kufanya kazi. Mama lishe, mtu wa bucha na muuza samaki wa Feri nao watumie usiku, maana mchana mikono haikauki.

3. Loweka dakika 5 hadi 10 kwenye maji ya vuguvugu. Yasiwe ya moto. Ngozi iliyolainika ndiyo inayopokea dawa. Ukipaka juu ya ngozi kavu na ngumu, dawa inaishia juu.

4. Kausha, kisha sugua kwa kipande cha msasa. Unataka kuondoa ile ngozi nyeupe iliyokufa peke yake. Kikitokea kidoti cha damu umepitiliza: acha, safisha, na usipake dawa usiku huo. Msasa uliogusa chunjua usiguse ngozi nzima, utaisambaza mwenyewe. Si lazima usugue kila siku. Mara mbili au tatu kwa wiki inatosha, ila kuloweka usikuache.

5. Zungushia mafuta ya mgando kwenye ngozi nzima iliyo kando ya chunjua. Tumia kijiti cha pamba, na mafuta yasiingie juu ya chunjua yenyewe. Hatua hii ndiyo watu wengi wanayoiruka, na ndiyo inayotenganisha kidole kilichopona na kidole chenye pete nyeupe.

6. Paka dawa juu ya chunjua tu. Tone moja, kwa brashi ya chupa au kijiti cha kuchokolea meno. Acha likauke, weka la pili. Dawa hizi nyingi zinashika moto haraka, kwa hiyo usipake karibu na jiko la gesi, na umeme ukikatika usipake kando ya mshumaa. Funga kifuniko mara moja, kwa joto letu la Dar chupa iliyoachwa wazi huganda.

7. Funika kwa plasta, hasa kwenye unyayo na kwa mtoto anayenyonya kidole. Mtoto apakwe na mtu mzima, asipewe chupa ajipake. Kama unatumia plasta ya asilimia 40, ikate kwa ukubwa wa chunjua, isizidi hata kidogo. Hiyo haihitaji tone la dawa wala plasta nyingine juu. Fuata maelekezo ya pakiti kuhusu muda wa kuibadili.

8. Asubuhi bandua utando, nawa kwa sabuni, nawa na mikono yote miwili.

9. Rudia kila siku hadi wiki 12. Ndiyo, miezi mitatu. Dalili ya kwanza ni chunjua kushuka, kisha vidoti kuonekana zaidi kwa kuwa tabaka la juu limeondoka. Hiyo ni hatua mbele, usiogope.

10. Acha pale mistari ya ngozi itakapopita tena mahali hapo bila kukatika. Usiache kwa sababu "imelingana na ngozi". Chunjua iliyolingana bado ipo.

Tepu ya kijivu, kwa wasiotaka asidi

Kuna njia ya kufunika chunjua kwa ile tepu ya kitambaa ya kijivu ya mafundi, inayopatikana maduka ya vifaa. Inakaa siku 6, unaibandua, unaloweka, unasugua, unaiacha wazi usiku mmoja, unaweka nyingine asubuhi, hadi miezi 2. Utafiti wa Marekani wa 2002 uliisifu sana: ilimaliza chunjua kwa asilimia 85 ya walioitumia, dhidi ya asilimia 60 ya waliogandishwa chunjua zao kwa baridi kali. Lakini tafiti mbili zilizofuata, ya Uholanzi kwa watoto wa shule ya msingi na nyingine ya Marekani kwa watu wazima, hazikuona tofauti ya maana na kufunika kwa kitu kingine cha kawaida. Kwa hiyo mtarajie kidogo. Hapa kwetu kuna na tatizo la jasho: tepu inalegea siku ya pili, ngozi chini yake inavimba na kunuka. Kwa anayetawadha mara tano ndiyo haifai kabisa. Ninaiona inafaa kwa mtoto anayelia akiona chupa, basi.

Msivyotakiwa kufanya

Maji ya betri. Hii ni asidi ya salfuriki. Haichagui chunjua, inakula mpaka mshipa na mfupa wa kidole. Usiipake, na usiiweke nyumbani kwenye chupa ya maji ya kunywa.

Utomvu wa mnyaa, ule mti wa kijani usio na majani unaopandwa kuwa ua wa nyumba. Wazee wengi wameutumia kwa chunjua. Utomvu ule ukigusa jicho unaweza kulipofusha, na mtu akipaka kidoleni, baada ya saa moja amesahau na anajifikicha. Ukiingia jichoni suuza kwa maji safi yanayotiririka dakika 20 na uende hospitali hapohapo.

Mafuta ya ganda la korosho. Wenyeji wa Mtwara na Lindi wanayafahamu, na aliyewahi kubangua korosho anajua yanavyochubua mikono. Yanachoma kweli, kwa hiyo chunjua inaweza kung'oka, lakini huwezi kuyapima kina.

Kitunguu saumu kilichopondwa na kufungwa usiku kucha, na siki iliyofungwa kwa pamba. Watu huviona salama kwa kuwa vinatoka jikoni. Kitunguu saumu kibichi kinaunguza ngozi hadi malengelenge, na siki ni asidi usiyojua nguvu yake. Utomvu wa papai changa na ganda la ndizi madhara yake ni madogo zaidi, ila sina sababu ya kukwambia vinatibu.

Wembe, kikata kucha, uzi au unywele wa kufunga. Vipande vya chunjua vikigusa mchubuko, chunjua moja inazaa tano kuizunguka. Wembe uliotumika usiuache bafuni.

Najua utaniambia shangazi yako alipaka utomvu na ikaisha. Ninakuamini. Rudia ile hesabu ya juu: nyingi zinaondoka zenyewe, na dawa ya mwisho iliyopakwa ndiyo inayopewa sifa. Kovu la aliyeungua ndilo halisimuliwi. Na ngozi yetu nyeusi hulipa zaidi, kwa sababu kila kuungua huacha baka jeusi au jeupe kwa miezi, na wengine huota makovu yanayovimba na kukua kuliko jeraha lenyewe. Kama una kovu la namna hiyo la kutoga sikio au la chanjo, kuwa mwangalifu mara mbili.

Isienee nyumbani

Taulo na ndala za bafuni kila mtu zake, hasa kwenye nyumba za kupanga zenye bafu moja. Acha kung'ata kucha, maana ndivyo chunjua zinavyohamia kuzunguka kucha zote. Kama ipo kidevuni, kinyozi asipitishe mashine hapo. Na vijana wanaopita mtaani na beseni wakisafisha miguu wanafanya kazi nzuri, ila jiwe lao la kusugulia limepita nyayo za watu wengi: nunua lako, mpe alitumie kwako tu.

Ukikwama

*Ngozi pembeni imekuwa nyeupe na inauma.* Dawa inavuka mpaka. Pumzika siku 2 au 3, paka mafuta ya mgando, ukianza tena ongeza ukuta wa mafuta na upunguze tone. Kuwashwa kidogo ni kawaida. Maumivu ya kukunyima usingizi si kawaida.

*Kuna usaha, joto, au mstari mwekundu unaopanda mkononi.* Acha dawa, nenda kituo cha afya leo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo gusa: kama ni moto na pamevimba, nenda.

*Wiki 4 zimepita, picha hazibadiliki.* Mara nyingi mtu haloweki au hasugui. Rekebisha hatua ya 3 na ya 4 kabla ya kununua dawa kali zaidi. Hakikisha pia unapaka kila siku. Kupaka kila unapokumbuka hakuleti kitu.

*Zinaongezeka wakati natibu.* Angalia msasa, taulo na kucha unazong'ata. Zile ndogo mpya anza nazo mapema, huisha haraka kuliko mama yao.

*Pamebaki baka.* Liache lipone lenyewe, likinge na jua. Usipake krimu za kung'arisha. Nyingi zinazouzwa kienyeji zina zebaki au dawa kali za steroidi.

*Wiki 12 zimeisha, bado ipo, au imerudi.* Ikirudi ndogo, anza tena hatua ya 1 mara hiyohiyo. Ikiwa haijasogea kabisa, anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu uombe rufaa: kwa wa upande wetu ni hospitali ya Temeke, wengine Amana au Mwananyamala, na juu yake Muhimbili. Kwa daktari wa ngozi wanaweza kuigandisha kwa naitrojeni ya maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, kwa kurudia kila wiki 2 hadi 3, au kuichoma kwa umeme baada ya ganzi. Uliza kabla kuhusu baka jeupe na kuhusu gharama ya kila mara utakayorudi, siyo ya mara ya kwanza tu, na uende na zile picha zako za kila wiki. Daktari ataona mara moja ulichofanya na kwa muda gani.